Virusi vimedhibitiwa kwenye damu, lakini mapafu yangali hatarini

KWA mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, habari njema kupita zote ni kuambiwa na daktari kwamba virusi havionekani tena kwenye damu yake. Matokeo hayo ni ithibati kwamba tembe anazomeza kila siku zinafanya kazi, kwamba seli zake za kinga zimepata nafasi ya kuongezeka, na kwamba hawezi kumwambukiza mwenzake virusi hivyo kupitia ngono.

Hata hivyo, kipimo hicho hupima damu pekee. Hakielezi lolote kuhusu hali ya kinga ndani ya mapafu, kiungo ambacho hukutana na vumbi, moshi na viini vya maradhi kila mtu anapovuta pumzi.

Tafiti ambazo zimefanywa barani Afrika, Ulaya na Amerika kwa zaidi ya miaka 20 zimebainisha kwamba kinga ya mapafu hurejea polepole, na kwa baadhi ya watu hairejei kikamilifu. Ndiyo sababu mtu anayetumia dawa ipasavyo angali katika hatari kubwa, kuliko jirani yake asiye na virusi, ya kuugua kifua kikuu, nimonia na maradhi sugu ya kupumua.

Suala hili ni zito nchini Kenya, ambako takriban watu milioni 1.4 wanaishi na virusi hivyo. Tangu 2016, mwongozo wa serikali umeagiza kwamba kila anayepatikana navyo aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga yake ishuke. Wengi wamo kwenye matibabu na wanatarajia kuishi hadi uzeeni. Kwao, swali si tena iwapo watapona kitandani, bali ni jinsi ya kulinda viungo ambavyo virusi vilivijeruhi kabla ya dawa kuanza kufanya kazi.

Maradhi yaliyojitambulisha kifuani

Tangu mwanzo, Ukimwi na mapafu vimeandamana kama chanda na pete. Ripoti ya kwanza ya kitabibu kuhusu maradhi hayo, iliyochapishwa nchini Marekani mnamo Juni 5, 1981, ilihusu vijana watano wa kiume jijini Los Angeles waliokuwa wameugua nimonia ya aina ya nadra. Nimonia hiyo husababishwa na kuvu, na haikuwa kawaida kuipata kwa watu ambao awali walikuwa na afya njema. Madaktari walishangaa ni kitu gani kilichokuwa kimevunja kinga ya vijana hao.

Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini Kenya mnamo 1984. Katika eneo hili la Afrika, adui mkuu wa wagonjwa alikuwa kifua kikuu, maradhi yaliyokuwepo tangu zamani na ambayo yalipata mwanya mpya. Hadi leo, kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuua watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ulimwenguni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, hatari yao ya kuugua kifua kikuu ni zaidi ya mara 10 ikilinganishwa na ya watu wasio na virusi.

Walinzi wa vifuko vya hewa

Ili kufahamu kiini cha hatari hiyo, ni muhimu kuelewa jinsi mapafu yanavyojilinda. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku. Hewa hiyo hupitia kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mti hadi kufikia mamilioni ya vifuko vidogo mno, ambako oksijeni huingia katika damu.

Njiani, vumbi na viini vikubwa hunaswa na ute na kusukumwa nje kwa kikohozi au kupiga chafya. Viini vidogo, vikiwemo vya kifua kikuu, hupenya hadi vifukoni. Huko hukutana na seli za kinga zinazoitwa makrofaji. Kazi ya seli hizi ni kumeza na kuyeyusha chochote kigeni, na zinaweza kulinganishwa na wafagiaji wanaozunguka mjini usiku kucha wakizoa taka.

Mara nyingine makrofaji hulemewa. Viini vya kifua kikuu vina hila ya kujificha na kuishi ndani ya seli iliyovimeza. Hapo ndipo seli za CD4 huhitajika. Hizi ni kama makamanda: hutambua adui, huita askari wengine na kuzipa makrofaji nguvu ya kuua kilichomo ndani yao. Seli za CD4 zikipungua, makrofaji hubaki na adui tumboni bila uwezo wa kummaliza.

Virusi vya Ukimwi hushambulia pande zote mbili za ulinzi huu. Huua seli za CD4 na pia huingia ndani ya makrofaji.

Pengo hufunguka mapema

Wengi hudhani kwamba kifua kikuu humwandama mwenye virusi tu baada ya miaka mingi, mwili ukiwa umedhoofika kabisa. Ushahidi unaonyesha vingine. Utafiti miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mnamo 2005, ulibaini kuwa hatari yao ya kuugua kifua kikuu iliongezeka maradufu katika mwaka wa kwanza tu baada ya kuambukizwa virusi.

Sababu mojawapo iligunduliwa mjini Mbeya, Tanzania. Watafiti waliofuatilia watu walioambukizwa karibuni waligundua kuwa zile seli za CD4 zilizofunzwa kupambana na kifua kikuu ndizo zilizotangulia kutoweka, hata wakati jumla ya seli za CD4 ilikuwa bado ya kuridhisha. Matokeo hayo yalichapishwa mnamo 2008, na utafiti uliofuata wa 2010 ukaonyesha kwamba virusi huziingia seli hizo kwa urahisi zaidi kuliko nyingine. Kwa maneno mengine, kikosi kinachohitajika mno katika nchi zenye kifua kikuu kingi ndicho hushambuliwa kwanza.

Mjini Blantyre, Malawi, wanasayansi walichunguza mapafu yenyewe. Njia inayotumiwa ni kupitisha mrija mwembamba wenye kamera hadi mapafuni, kumimina maji ya chumvi kidogo na kuyafyonza tena yakiwa yamebeba seli. Mnamo 2014, waliripoti kwamba miongoni mwa watu wazima waliokuwa na virusi lakini hawakuwa na dalili zozote, virusi vilipatikana zaidi katika aina ya makrofaji zilizo ndogo kwa umbo, na uwezo wa seli hizo wa kumeza viini ulikuwa umepungua. Watu hao walionekana wazima wa afya, lakini wafagiaji wa mapafu yao walikuwa tayari wamechoka.

Kinachorejeshwa na dawa na kinachosalia

Dawa za kupunguza makali ya virusi zimebadilisha hali hii kwa kiasi kikubwa. Uchanganuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mnamo 2012 ulionyesha kwamba dawa hizo hupunguza visa vya kifua kikuu kwa asilimia 65, na kwamba manufaa hayo huonekana hata kwa walioanza matibabu kinga yao ingali juu. Hakuna chanjo wala tembe nyingine iliyofanya zaidi ya hapo kuyalinda mapafu ya watu wanaoishi na virusi.

Hata hivyo, asilimia 65 si asilimia 100.

Hilo lilidhihirika katika mtaa wa Khayelitsha jijini Cape Town, Afrika Kusini. Watafiti waliwagawa watu 1,329 waliokuwa kwenye matibabu ya virusi katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa tembe za aisoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, kwa miezi 12, na jingine likapewa tembe zisizo na dawa. Matokeo yaliyotolewa mnamo 2014 yalionyesha kwamba waliopata aisoniazidi waliugua kifua kikuu kwa kiwango cha chini kwa asilimia 37. Iwapo dawa za virusi pekee zingekuwa zimeziba pengo lote, aisoniazidi isingekuwa na la kuongeza.

Kwa nini pengo husalia? Sababu ya kwanza ni kwamba dawa huzuia virusi kuzaana lakini haziving'oi vile vilivyokwisha kujificha ndani ya seli. Mnamo 2015, watafiti wa Atlanta, Marekani, waliripoti kwamba walipata virusi ndani ya makrofaji za mapafu ya watu waliokuwa kwenye matibabu na waliokuwa na afya njema, na kwamba makrofaji hizo zilikuwa na uwezo hafifu wa kumeza viini. Wenzao wa Kanada nao waliripoti mnamo 2018 kwamba virusi husalia katika seli za CD4 za mapafu hata baada ya miaka ya matibabu.

Sababu ya pili ni uvimbe wa ndani usiokoma. Kinga iliyosumbuliwa na virusi kwa muda mrefu hubaki katika hali ya tahadhari, na seli zake huendelea kutoa kemikali ambazo polepole hudhuru mirija na vifuko vya hewa.

Sababu ya tatu ni makovu. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu au nimonia kali anaweza kupona kabisa maambukizi hayo, lakini sehemu ya mapafu iliyoharibika haioti upya. Huenda akabaki akihema anapopanda mlima au kubeba ndoo ya maji, na viini vingine hupata maskani rahisi kwenye kovu hilo.

Wakati wa kuanza matibabu nao una uzito wake. Mtu anayeanza dawa akiwa na zaidi ya seli 500 za CD4 kwa kila mikrolita ya damu huwa na mengi ya kuokoa kuliko anayeanza akiwa na chini ya 100. Katika miezi mitatu ya kwanza, baadhi ya wagonjwa huzidiwa ghafla na kikohozi na homa kwa sababu kinga inayoamka hukabiliana kwa kishindo na viini vilivyokuwa vimejificha. Hali hiyo haimaanishi kwamba dawa zimemdhuru mgonjwa, na hapaswi kuziacha. Anafaa kurudi hospitalini upesi.

Moshi huongeza mzigo

Mapafu ambayo walinzi wake wamepungua hayawezi kuhimili moshi kama mengine. Utafiti nchini Denmark uliochapishwa mnamo 2013 ulikadiria kwamba mtu wa miaka 35 aliye kwenye matibabu mazuri ya virusi hupoteza takriban miaka 12 ya maisha kutokana na uvutaji sigara, ikilinganishwa na takriban miaka mitano kutokana na virusi vyenyewe. Kwa mtu kama huyo, sigara ni hatari kuliko virusi anavyovitibu.

Nchini Kenya, si wavutaji sigara pekee wanaovuta moshi. Familia nyingi hupikia kuni au makaa, mara nyingi katika jikoni isiyo na dirisha la kutosha. Chembechembe za moshi hujaa ndani ya makrofaji na kuzipunguzia nguvu za kumeza viini. Wanawake na watoto wanaoketi karibu na meko ndio huathirika zaidi. Jiko lenye bomba la kutolea moshi au linalotumia kuni chache husaidia, na vilevile kupikia nje au kufungua mlango na dirisha. Hatua hizi hazigharimu sana, lakini ni nadra kutajwa mgonjwa anapokwenda kuchukua dawa zake.

Vijana waliozaliwa na virusi

Kundi jingine linalohitaji kuangaliwa ni vijana walioambukizwa wakati wa kuzaliwa au kunyonyeshwa na wakachelewa kupata matibabu. Mapafu ya mtoto hukua kadiri anavyokua, na yakidhuriwa mapema hukosa kufikia ukubwa na uwezo wake. Baadhi ya vijana hawa hukohoa kwa miezi mingi na kushindwa kukimbia na wenzao. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, wapo wanaotibiwa maradhi hayo mara kwa mara ilhali shida yao ni mirija midogo ya hewa iliyoziba kwa makovu.

Jaribio lililofanywa nchini Zimbabwe na Malawi liliwahusisha vijana na watoto 347 wa kati ya miaka sita na 19 waliokuwa na tatizo hilo. Baadhi yao walipewa kiuavijasumu cha azithromisini kila wiki kwa takriban mwaka mmoja. Matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba dawa hiyo haikurejesha uwezo wa mapafu yao, ingawa ilipunguza visa vya kuzidiwa ghafla. Funzo ni kwamba baadhi ya madhara hayarekebishiki, na dawa bora kwao ni kumpima mtoto na kumwanzishia matibabu mapema.

Ulinzi unaoweza kuongezwa

Licha ya hayo yote, mtu anayeishi na virusi hana sababu ya kukata tamaa. Zipo hatua zilizothibitishwa ambazo hujaza sehemu ya pengo linaloachwa.

Ya kwanza ni tembe za kuzuia kifua kikuu. Nchini Côte d'Ivoire, jaribio lililowahusisha watu zaidi ya 2,000 lilionyesha mnamo 2015 kwamba miezi sita ya aisoniazidi ilipunguza magonjwa makali, na manufaa hayo yalikuwepo hata kwa waliokuwa wameanza dawa za virusi mapema. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, ilibainika kuwa vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 37 miongoni mwa waliopata tembe hizo. Siku hizi pia kuna mseto wa aisoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Kabla ya kuanza, mhudumu wa afya huhakikisha kwamba mtu hana kifua kikuu, kwa kuwa dozi ya kuzuia haitoshi kutibu. Anayemeza aisoniazidi hushauriwa kuepuka pombe ili kulinda ini, na hupewa vitamini B6 kuzuia ganzi ya miguu na mikono.

Ya pili ni kotrimoksazoli, dawa ambayo wagonjwa wengi huijua kama Septrin. Huzuia ile nimonia ya kuvu na maambukizi mengine. Katika utafiti uliofanyiwa Homa Bay na kuchapishwa mnamo 2016, watu 500 waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa za virusi waligawanywa. Nusu wakaacha Septrin na nusu wakaendelea. Walioacha waliugua zaidi, hasa malaria. Kwa hivyo, mgonjwa asiache dawa hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe kwa kuwa anajihisi vyema.

Ya tatu inawahusu wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa. Jaribio lililoshirikisha watu 1,805 nchini Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, Eldoret na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vyake, liliwapa wenye seli za CD4 chini ya 100 kifurushi cha dawa za kuzuia maradhi kadhaa kwa pamoja walipoanza matibabu. Kwa mujibu wa matokeo ya 2017, vifo katika wiki 24 za kwanza vilipungua kutoka asilimia 12.2 hadi 8.9.

Ya nne ni chanjo. Nchini Malawi, jaribio la 2010 lilionyesha kwamba chanjo ya kisasa dhidi ya bakteria ya nyumokokasi, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha nimonia, iliwakinga kwa asilimia 74 dhidi ya aina za bakteria zilizolengwa watu wazima, wengi wao wakiwa na virusi, waliowahi kuugua vikali kutokana na bakteria hiyo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya aina hiyo mnamo 2011, na utafiti wa Kilifi uliochapishwa mnamo 2019 ulionyesha kwamba maradhi hayo yalipungua pia kwa watu wasiochanjwa, kwa kuwa watoto hawakuyasambaza tena kama awali. Mzazi anayempeleka mtoto kuchanjwa huenda anamkinga pia nyanya yake anayeishi na virusi.

Kikohozi kisipuuzwe

Kila anayeishi na virusi anafaa kujiuliza maswali manne ambayo WHO hupendekeza yaulizwe katika kila ziara ya kliniki: je, anakohoa? Ana homa? Amepungua uzito? Anatokwa na jasho jingi usiku? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, anahitaji kupimwa. Kwa mtu asiye na virusi, huenda ikasubiriwa hadi kikohozi kifikishe wiki mbili. Kwa mwenye virusi, kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Upimaji umekuwa rahisi kuliko zamani. Mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliidhinisha mnamo 2010, hutoa jibu kutokana na makohozi kwa takriban saa mbili na kuonyesha iwapo viini ni sugu kwa rifampisini. Kwa mgonjwa aliyedhoofika asiyeweza kutoa makohozi, kipo kipimo cha mkojo. Akipatikana na kifua kikuu, ni lazima mhudumu ajue dawa za virusi anazotumia, kwani rifampisini hupunguza kiwango cha dolutegravir mwilini na dozi yake huhitaji kuongezwa.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayoweza kuchukua nafasi ya dawa za virusi zenyewe. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni mnamo Januari 2025, huduma za Ukimwi zilitatizika nchini Kenya na kwingineko, na wagonjwa wengi waliingiwa na hofu ya kukosa dawa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Virusi vikiachiliwa kuzaana tena, seli zinazolinda mapafu huwa miongoni mwa za kwanza kuangamia.

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba virusi havionekani kwenye damu yake ana haki ya kufurahi. Pia ana haki ya kumuuliza mhudumu wake maswali machache kabla ya kuondoka: iwapo amewahi kumeza tembe za kuzuia kifua kikuu na lini, chanjo zipi zinamfaa, na nani atakayemsikiliza kifua. Maswali hayo huchukua dakika chache, na majibu yake yanaweza kumwepusha na kitanda cha hospitali.